Kozi ni yetu sote, lakini nywila ni ya nani?

Jumatatu moja asubuhi nilikuwa bado kitandani simu ilipoanza kulia bila breki. "Mwalimu, video hazifunguki." "Mwalimu, nimelipa juzi tu, mbona folda haipo?" Wa tatu hakuzunguka: "Kwani tumechezwa?"

Nikaingia Google Drive mwenyewe. Folda ya kozi yetu haikuwepo. Masomo 18, kazi ya miezi minne ya jioni na wikendi, yalikuwa yameenda. Na watu 63 walikuwa wametulipa Sh500 kila mmoja.

Kozi yenyewe haikuwa mambo makubwa. Ilikuwa ya kumfundisha mwenye duka kuweka hesabu zake kwa simu: mauzo, madeni, stoki. Tuliijenga mabeste wanne wa mtaa wa Umoja, Nairobi. Mimi niliandika masomo. Wa pili, tumwite Kamera, alirekodi na kuhariri. Wa tatu, Sauti, ndiye aliyekuwa akifundisha mbele ya kamera. Wa nne, Soko, aliuza: WhatsApp, TikTok, vyama vya akina mama, kila mahali.

Sasa nani alitufanyia hivyo? Hakukuwa na mwizi. Kamera alikuwa amepata kazi Doha akasafiri. Video zote zilikuwa kwenye akaunti yake binafsi, ile ya bure ya GB 15 ambayo barua pepe, picha na faili hugawana. Ikajaa. Barua pepe za kazi zikawa haziingii. Usiku mmoja baada ya shifti akafuta vitu vizito zaidi alivyoona. Faili ukiifuta hukaa kwenye pipa la taka siku 30, ila nafasi hairudi mpaka umwage pipa lenyewe. Akamwaga.

Tulipompata WhatsApp mchana, alijibu kwa upole kabisa: "Nilidhani nyinyi mko na kopi."

Hatukuwa nayo. Mimi niliyeandika kila neno la kozi ile, kwenye folda nilikuwa na ruhusa ya kutazama na kuacha maoni tu. Mwalimu mzima, ruhusa za mgeni.

Kila mtu alikuwa sawa

Tulichakura memori kadi, simu za zamani na WhatsApp, tukaokoa video 11. Saba zilihitaji kurekodiwa upya. Hapo ndipo ngoma ilianza.

Kamera alisema video ni zake kwa sababu kamera ni yake na uhariri ni wake. Mimi nikasema bila maneno yangu angerekodi ukuta. Sauti akatuuliza kama tunajua uso ni wa nani. Soko alikuwa mkimya, kisha akasema wateja wote 63 wako kwenye simu yake, na nambari ya till imesajiliwa kwa kitambulisho chake. Urafiki wa tangu shule ya msingi ulikaribia kuishia kwenye grupu la WhatsApp.

Kilichonishangaza nilipoanza kusoma ni kwamba tulikuwa tunagombania vitu vitatu tukidhani ni kimoja. Kumiliki kozi ni kitu kimoja. Kuruhusiwa kuifungua na kuibadilisha ni kingine. Kulipwa ni kingine tena. Ukivichanganya, anayeshika nywila ndiye anakuwa bosi, hata kama hakuna aliyemchagua.

Sheria inasemaje

Mimi si wakili, lakini Sheria ya Hakimiliki ya 2001 si siri, na mambo yake ya msingi yanaeleweka.

Hakimiliki huanza pale kazi inapoandikwa au kurekodiwa. Kusajili na KECOBO, bodi ya hakimiliki nchini, si lazima, ila ni ushahidi mzuri mkigombana. Maneno ni ya aliyeyaandika. Kwa video mambo yanageuka kidogo: sheria humtambua aliyefanya mipango ya kuitengeneza, na huyo si lazima awe aliyeshika kamera. Kazi iliyofanywa na watu kadhaa, ambayo michango yao haiwezi kutenganishwa, ni kazi ya pamoja.

Kuna hii ambayo wengi hawaijui. Ukimwagiza mtu akufanyie kazi, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwako uliyeagiza, isipokuwa mkiwa mmekubaliana vingine. Vivyo hivyo kwa kazi unayofanya ukiwa umeajiriwa. Kwa hivyo kama kuna shirika limekuita uwatengenezee kozi na hamjaandikiana kitu, usishangae ikiwa si yako tena. Na ukitaka kumuuzia mwenzako haki zako, inabidi iandikwe na itiwe saini. "Si tulisema" haisimami.

Sasa angalia sisi. Hakuna aliyemwagiza mwenzake, na mipango tuliifanya wote wanne kwenye kibanda cha chai. Kamera hangeweza kusema kozi ni yake peke yake, na mimi pia singeweza. Kisheria tulikuwa pamoja. Kwa Google tulikuwa mmiliki mmoja na wageni watatu.

Mtambo unajua barua pepe tu

Mtambo haujui nani alikesha. Kwenye Google Drive, mmiliki wa faili ni akaunti iliyoipakia, hata kama folda ni ya mtu mwingine. Chini ya mmiliki kuna wanaoweza kuhariri, wanaoweza kuacha maoni na wanaoweza kutazama tu. Na chunga hapa: usipobadilisha mipangilio, anayeweza kuhariri anaweza pia kuwaongeza watu wengine. Mmiliki anaweza kulizima hilo, na kwa kozi ya kuuza ni vizuri alizime.

Kuna pia Drive ya pamoja, ambapo faili ni za timu na mtu akiondoka zinabaki. Hiyo huja na akaunti za Google Workspace za kulipia.

Majukwaa ya kozi yana mpangilio wake. Udemy humruhusu mwenye kozi kuwaongeza wakufunzi wenzake na kuchagua kila mmoja afanye nini: huyu ajibu maswali, yule ashughulikie manukuu, mwingine aone mapato. Hata asilimia ya malipo ya kila mmoja huwekwa pale. Lakini bado kozi ina mwenyewe mmoja, na ndiye anayegawa ruhusa hizo.

Halafu kuna Moodle, mtambo wa bure ulioanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia, toleo la kwanza likatoka 2002. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini huo niliujua huko, nikiutumia kupakia kazi za darasa dakika ya mwisho. Sikuwahi kuona akili iliyo ndani yake. Una meneja, mtunga kozi, mwalimu, na hata mwalimu asiyehariri, yaani anaweza kufundisha na kusahihisha lakini hagusi masomo yenyewe. Kanuni ni rahisi: kila mtu apewe ruhusa ya kazi anayofanya, isizidi hapo. Anayejibu maswali ya wanafunzi hahitaji uwezo wa kufuta video.

Tulivyojipanga upya

Tulianza na funguo. Tulifungua barua pepe ya kozi, isiyo ya mtu yeyote. Nambari ya simu ya kuirejesha ni ya Sauti, barua pepe ya kuirejesha ni yangu. Google hukupa misimbo 10 ya akiba, kila mmoja wa kutumika mara moja, ya kukuingiza simu ikipotea. Tuliichapisha kwa karatasi, nusu iko kwangu, nusu kwa Soko. Video zote zina kopi kwenye hadi disk mbili, katika nyumba mbili tofauti. Kila mwisho wa mwezi mmoja wetu anaangalia nani ana ruhusa gani, na aliyemaliza kazi yake anaondolewa bila kuchukia.

Kisha tukaandika ukurasa mmoja. Pesa, baada ya gharama: mimi 30, Sauti 25, Kamera 25, Soko 20, kila kitu kwa asilimia. Till bado ni ya Soko, lakini kila malipo yanaandikwa kwenye jedwali tunaloliona wote.

Kipengele kilichotuchukua muda mrefu ni cha mtu kutoka. Tulikubaliana kwamba anayetoka anaendelea kupata nusu ya mgao wake kwa mwaka mmoja kwa masomo aliyoshiriki. Hawezi kuamuru kozi ishushwe, ila jina lake linabaki. Anaweza kuonyesha kazi yake kwa wateja wapya, lakini haruhusiwi kuiuza peke yake. Sauti akaongeza lake, na tulilikubali bila ubishi: uso wake usitumike kutangaza kitu kingine chochote bila yeye kusema ndiyo.

Na hakuna anayeondoka na nambari za wanafunzi. Walitupa nambari hizo ili wafundishwe, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haichukulii hilo kama mzaha.

Tulitia saini wote. Kamera alitia yake Doha, akapiga picha ukurasa na kuturudishia. Nilikuwa nimeogopa kwamba kuleta karatasi mbele ya marafiki ni kama kusema siwaamini. Ikawa kinyume. Kamera alisema ndiyo mara ya kwanza alihisi bado yuko ndani ya kozi, si mtu wa kulaumiwa tu.

Wanafunzi tisa walitaka pesa zao, tukawarudishia Sh4,500. Waliobaki walisubiri wiki tano hadi tukarekodi yale masomo saba. Kamera alihariri kutoka huko siku zake za mapumziko, safari hii kupitia akaunti ya kozi, akiwa na ruhusa ya kuhariri.

Wewe na wenzako mkiwa na kozi, iwe ya kupika, ya kusuka nywele au ya kodi, fungueni folda leo mtazame jina lililo pale kwenye mmiliki. Kama ni la mtu mmoja, mpigieni kabla simu yake haijajaa.