Jezi ya Kijani Iliyosema Bila Mdomo

Sogeeni karibu, wapwa zangu. Leo msemaji wetu hana mdomo. Ni jezi. Jezi ya kijani, kola yake rangi ya dhahabu, kifuani ina swala anayeruka, mgongoni ina namba 6.

"Mimi ni jezi ya raga ya Afrika Kusini," inaanza. "Kwa miaka mingi watu weusi wa nchi yangu hawakunipenda. Wakiniona mimi, waliona ubaguzi wa rangi. Uwanjani walitengewa sehemu yao pembeni. Na wakiwa huko pembeni walishangilia nani? Wageni! Wageni wakipata pointi, wao shangwe."

Mjomba, walishangilia nchi nyingine wakaiacha yao?

Naam, mwanangu. Umeuliza vizuri sana. Timu ile haikuwataka, basi nao hawakuitaka.

Mwaka 1994 nchi ile ikapata rais mpya, Mzee Nelson Mandela. Alikuwa amekaa gerezani miaka 27, na waliomfunga ni serikali ya haohao walioipenda jezi ya kijani. Mwaka uliofuata, Kombe la Dunia la raga likachezwa nchini mwake. Fainali ikawa tarehe 24 Juni 1995, uwanja wa Ellis Park, Johannesburg: Afrika Kusini na New Zealand. Watu wapatao 60,000, wengi wao Wazungu. Jezi, hebu endelea.

"Siku hiyo Mzee alinivaa. Mimi! Akavaa na kofia ya kijani. Akaenda kwanza kwenye chumba cha wachezaji, akawatakia heri. Alipogeuka, nahodha wetu François Pienaar akaniona mgongoni. Namba 6. Namba yake yeye! Baadaye, wimbo wa taifa ulipopigwa, Pienaar hakuweza kuimba. Angefungua kinywa tu, angelia. Mzee naye aliingia uwanjani. Hakuhutubia. Alitembea, akatabasamu, akawapa wachezaji mkono, mmoja mmoja. Watu wakaanza kuita: Nelson! Nelson! Nelson!"

Wazungu wale, jamani, wakimwita kwa jina aliyekuwa mfungwa wao!

Mjomba, aliwashawishije bila kusema neno?

Ah, hilo ndilo swali nililokuwa nalingojea. Mnalijua jiko la mafiga. Mawe matatu, chungu juu yake. Figa la kwanza ni maneno yako. Figa la pili ni mwili wako: uso, mikono, namna unavyosimama, hata nguo uliyovaa. Figa la tatu ni kile unachokiamini na kukithamini moyoni. Figa moja likiyumba, chungu kinamwagika. Kaka yako akikuomba samahani huku anatafuna karanga na macho yake yako kwenye simu, utamwamini? Neno lipo, lakini mwili umelikana.

Mzee Mandela alikuwa akisema kila mahali kwamba nchi ni ya wote, weusi kwa Wazungu. Siku ile mwili wake ukasema hivyohivyo. Mafiga yote matatu yalikuwa imara.

Sasa msichana mmoja hapo nyuma ananitazama kama ana neno. Sema, mama.

Mjomba, kwani mwili hauwezi kudanganya? Tapeli naye anatabasamu.

Hongera! Hata watu wazima wengi hawaulizi hivyo. Ndiyo, mwili unaweza kudanganya, kwa muda. Ndiyo maana figa la tatu ni zito kuliko yote. Hebu iulizeni jezi kama ilivaliwa ghafla tu.

"Sikuvaliwa ghafla," inajibu. "Akiwa gerezani, Mzee alijifunza Kiafrikana, lugha ya Makaburu waliomlinda, ili aelewe wanavyofikiri. Mwaka mmoja kabla ya fainali alimwalika Pienaar ofisini kwake, wakanywa chai, wakazungumza. Na wenzake Mzee walipotaka swala wangu afutwe, aliwasihi wamwache. Baadhi walimkasirikia sana. Aliposimama mbele ya watu weusi amevaa kofia yangu, kuna waliomzomea. Hakuivua."

Mnasikia? Hakuivua. Kuvaa jezi mbele ya wanaokushangilia ni rahisi. Kuvaa kofia mbele ya wanaokuzomea, hapo ndipo mtu anaonyesha anachokithamini. Mimi naona siku ya kuzomewa ndiyo iliyoipa nguvu siku ya fainali.

Wachezaji nao walijibu kwa mwili. Walijifunza kuimba Nkosi Sikelel' iAfrika, wimbo wa watu weusi uliotungwa na Enoch Sontonga mwaka 1897. Muziki wake mnaujua, ndio ule wa Mungu ibariki Afrika. Kwa wengi wao maneno yalikuwa mageni kabisa, wakayafanyia mazoezi.

Mjomba, kwa hiyo nami nikitaka kuaminiwa, nimkazie mtu macho?

Polepole, mwanangu. Mwili una adabu zake, na adabu hutofautiana. Kuna vitabu vinavyofundisha kumtazama mtu machoni bila kupepesa. Mbele ya bibi yako, hilo linaweza kuwa ufidhuli. Kwetu mtoto huinamisha macho kidogo, husema shikamoo, hupokea kitu kwa mikono miwili. Hiyo mikono miwili inasema "nakuheshimu" vizuri kuliko hotuba. Kwa hiyo mtazame kwanza unayezungumza naye, ujue kwake heshima huonekanaje. Mzee Mandela alifanya hivyo. Alijua kwamba kwa wale watu 60,000 jezi ilikuwa na thamani kubwa, akawaheshimu kupitia jezi hiyo.

Na mechi, Mjomba? Nani alishinda?

Nilijua mngeuliza! Dakika za kawaida ziliisha sare, 9 kwa 9. Ikaongezwa muda. Mwishoni Joel Stransky akaupiga mpira ukapita katikati ya milingoti, na Afrika Kusini ikashinda 15 kwa 12. Mzee, bado yumo ndani ya jezi namba 6, akamkabidhi kombe mwenye namba 6. Akamshukuru kwa aliyoifanyia nchi. Pienaar akamjibu kwamba wa kushukuriwa ni yeye, Mzee.

Basi, wapwa zangu, kama kuna rafiki mliyegombana naye, jiulizeni kwanza: kweli nautaka urafiki wake? Kama jibu ni ndiyo, weka simu chini, nenda kwao kwa miguu yako, mpe mkono, ndipo useme samahani. Nenda leo.