DAMU YA KUMPA MTU USIYEMJUA

Mpunga wako ukiiva nawe huna mikono ya kutosha, unafanyaje? Unapika pombe, unaalika majirani. Siku ikifika wanakuja, wanavuna, wanakula, wanakunywa. Jioni shamba limekwisha. Wiki ijayo ni zamu yako kwenda kwa mwenzio. Usipokwenda, mwaka ujao utavuna peke yako!

Desturi hii ni nzuri sana. Lakini tuseme kweli, lile ni deni. Nipe siku yako, nami nitakupa yangu.

Leo tuzungumze msaada wa namna nyingine. Unayempa humjui, wala yeye hatajua jina lako. Hata akitaka kukulipa, hawezi. Msaada huo ni kutoa damu.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa Mofu? Bonde letu la Kilombero lina maji mengi. Maji yanaleta mpunga, na maji hayo hayo yanaleta mbu. Wakati wa kilimo wengi wetu tunahamia shambani. Tunakaa huko miezi mingi kwenye madungu, tukilinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Zahanati iko mbali. Mtoto akishikwa na homa, wazazi wanasema tungoje kidogo, labda itapoa.

Wakati wao wanangoja, vijidudu vya malaria havingoji. Vinaingia ndani ya chembe nyekundu za damu. Vinazaana humo, halafu chembe inapasuka. Vikitoka vinaingia nyingine. Chembe hizo ndizo zinazochukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Zikipungua mno, mtoto anahema kama aliyekimbia. Viganja vyake vinakuwa vyeupe. Ukifunua kope, ndani huoni wekundu. Hapo dawa ya malaria peke yake yaweza isiwahi. Mtoto anataka damu, na anaitaka leo, si kesho. Hali ni hiyo hiyo kwa mama aliyejifungua na damu ikawa haikatiki.

Basi, majirani wanajua la kufanya. Mmoja anatoa mtumbwi, mwingine baiskeli au pikipiki. Wandamba ni watu wa mtumbwi tangu enzi za mababu. Kumvusha mgonjwa usiku siyo jambo la kuombwa mara mbili. Mgonjwa anafikishwa Ifakara, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Daktari anampima, anaandika: aongezwe damu. Je, friji ikiwa tupu? Safari yote ile itakuwa kazi bure.

Maana damu haitengenezwi kiwandani. Wataalamu wamejaribu kwa miaka mingi, bado hawajapata kitu cha kuchukua mahali pake. Inatoka kwa mtu tu.

Zamani hospitali nyingi nchini zilitegemea ndugu wa mgonjwa. Ukileta mgonjwa, ulete na watu wa kumtolea damu. Sasa mama aliyefika na mtoto mgongoni, peke yake, atawapata wapi? Na hata akiwapata, damu zao huenda zisipatane na ya mtoto. Damu ina makundi: A, B, AB na O. Makundi hayo yalianza kugunduliwa na daktari wa Austria, Karl Landsteiner, mwanzoni mwa karne ya 20. Ukimpa mtu damu isiyopatana na yake, unaweza kumwua. Kwa hiyo mwaka 2004 serikali ilianzisha Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ili damu itolewe mapema na watu wa hiari, ipimwe, iwekwe akiba.

Wengine wanauliza: mbona mtoaji halipwi? Swali zuri. Mtu anayetafuta fedha ataficha ugonjwa wake. Ni kweli damu yote hupimwa UKIMWI, homa ya ini na kaswende. Lakini ugonjwa ulioingia juzi tu mwilini waweza usionekane kwenye kipimo. Hapo kinga iliyobaki ni ukweli wa mtoaji mwenyewe. Asiyetafuta fedha hana sababu ya kudanganya. Ndiyo maana mwaka 1975 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilihimizwa zifuate njia ya hiari bila malipo. Na mgonjwa naye hatakiwi kuuziwa damu. Ukiombwa fedha ya damu, mwone mkuu wa hospitali.

Huko Australia alikuwako mzee mmoja, James Harrison. Alipokuwa na miaka 14 alipasuliwa kifua, akaongezwa damu ya watu asiowajua. Alipofika umri naye akaanza kutoa, mwaka 1954, hata mwaka 2018 alipozuiwa kwa uzee. Alitoa mara 1,173! Mara nyingi yeye alikuwa akitoa maji ya damu, siyo damu nzima, ndiyo maana aliweza mara nyingi hivyo. Maji yale yalitengenezewa dawa ya kuwakinga watoto walio tumboni mwa mama ambao damu zao hazipatani. Amefariki mwaka 2025.

Sisi hatuombwi mara elfu. Anayetakiwa ni mtu wa miaka 18 hadi 65, mwenye afya, mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi. Mjamzito na anayenyonyesha hawatoi. Mwanamume hutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke miezi 4. Mtu mzima ana damu kama lita 5, na inayochukuliwa haifiki nusu lita. Mwili unairudisha wenyewe. Zile hadithi za mumiani tuwaachie watoto wasimuliane usiku.

Kuna taabu moja lakini. Damu huwekwa kwenye baridi, na chembe nyekundu hukaa siku kama 35 tu, basi. Huwezi kuiweka ghalani kama mpunga. Watoaji wengi nchini ni wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, akiba inapungua. Na masika, malaria inapozidi, sisi wenye nguvu tuko shambani ng'ambo ya maji.

Kwa hiyo wakati mzuri kwetu ni kabla ya kuhamia shamba, na baada ya kuvuna. Ukiwa na safari ya Ifakara, kula vizuri, kunywa maji, pita hospitalini uulize. Utaulizwa maswali, jibu kweli. Utapimwa uzito na wingi wa damu. Kutoa kwenyewe ni kama dakika 10. Ukimaliza utapumzika kidogo, utapewa kinywaji. Siku hiyo usibebe gunia.