Tamko la Maslahi Haliondoi Mgongano wa Maslahi

Mgongano wa maslahi katika taasisi ya utafiti ni hali ambamo faida ya mtu binafsi, iwe hisa, ada ya ushauri, hataza, safari iliyolipiwa au undugu na mzabuni, inaweza kuvuta uamuzi aliokabidhiwa kuufanya kwa niaba ya wagonjwa, ya sayansi au ya wenye fedha. Ni hali; haihitaji kosa lolote kutendeka ili iwepo. Hilo limo katika kila sera na kila mafunzo. Hata hivyo, ofisi zinazosimamia jambo hili, kuanzia vyuo vikuu vya Marekani hadi vituo vya utafiti wa malaria na UKIMWI vya Afrika Mashariki, haziishi kuulizwa swali lile lile: mtafiti ameshajaza fomu, ametangaza kila kitu, sasa anadaiwa nini tena? Swali hilo limesimama juu ya imani kwamba mgongano ukishatangazwa umekwisha. Haujaisha. Imani hiyo imezoeleka mno hata baadhi ya wajumbe wa kamati za maadili huitetea, na ndiyo inayofanya sera nyingi zilizoandikwa vizuri zisimlinde mtu yeyote.

Chanzo chake kinaonekana kwa urahisi. Majarida ya kitaalamu humtaka mwandishi ataje maslahi yake mwishoni mwa makala, na kwa watafiti wengi hapo ndipo wanapokutana na mada hii mara kwa mara. Lakini jarida hutegemea tamko kwa sababu halina nyenzo nyingine: halimwajiri mtafiti, halisaini bajeti, haliingii maabara. Taasisi ina mamlaka hayo yote. Ikikusanya matamko na kuyafungia kabatini, imejitwisha udhaifu wa jarida bila kulazimishwa na mtu.

Imani hii imeshapimwa. Mwaka 2005 Daylian Cain, George Loewenstein na Don Moore walichapisha jaribio ambalo kila mjumbe wa kamati ya maadili angepaswa kulijua. Washiriki walitakiwa kukadiria thamani ya sarafu zilizojazwa ndani ya chupa ya kioo waliyoiona kwa mbali na kwa muda mfupi. Kila mkadiriaji alipewa maoni ya mshauri aliyeiona chupa kwa karibu, na alilipwa zaidi kadiri alivyoikaribia thamani halisi. Washauri waliwekwa katika makundi matatu. Wa kwanza walilipwa kwa usahihi wa mkadiriaji, kwa hiyo maslahi yao na yake yalikwenda pamoja. Wa pili walilipwa kadiri mkadiriaji alivyotaja thamani kubwa, na yeye hakuambiwa. Wa tatu walilipwa kama wa pili, ila mkadiriaji aliambiwa waziwazi mshauri wake analipwaje.

Kama tamko lingekuwa dawa, kundi la tatu lingekaribiana na la kwanza. Matokeo yalikwenda upande mwingine. Washauri ambao maslahi yao yalitangazwa walikuza makadirio kuliko hata wale ambao maslahi yao yalifichwa. Wakadiriaji walioambiwa walipunguza kidogo namba waliyopewa, lakini upunguzaji wao haukufikia kiasi kilichoongezwa. Mwisho wa hesabu, walikosea zaidi na kulipwa kidogo kuliko wenzao waliokaa gizani, huku washauri wao wakivuna zaidi. Tamko lilimnufaisha aliyelitoa na kumgharimu aliyelipokea.

Sababu ni mbili, na zote zinafanya kazi hospitalini na maabarani kama zilivyofanya kazi kwenye chupa ya sarafu. Mtu aliyekwisha kutangaza hujiona ametimiza wajibu wake wa uadilifu. Anayebaki na mzigo wa kuwa macho ni msikilizaji. Msikilizaji naye hana kipimo cha kufanyia marekebisho. Mgonjwa anayeambiwa kwamba daktari anayemwalika kwenye jaribio ana hisa katika kampuni ya dawa hiyo afanye nini na habari hiyo? Apunguze asilimia ngapi ya ushauri? Mara nyingi humwamini daktari zaidi kwa kuwa amesema ukweli, au huona aibu kukataa asije akaonekana anamtuhumu. Kumkabidhi mgonjwa kazi hiyo ni taasisi kukimbia kazi yake.

Kisa kilichobadilisha usimamizi wa jambo hili nchini Marekani kinaonyesha hayo kwa uchungu. Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18 kutoka Arizona, alikuwa na aina nafuu ya ugonjwa wa kurithi unaozuia ini kuondoa amonia mwilini. Aliudhibiti kwa lishe na vidonge. Alijitolea kuingia katika jaribio la tiba ya jeni katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Tarehe 13 Septemba 1999 aliingiziwa virusi vilivyobeba jeni kupitia mshipa unaopeleka damu kwenye ini, na tarehe 17 akafariki. James Wilson, aliyeongoza taasisi ya tiba ya jeni chuoni hapo, alikuwa mwanzilishi na mwanahisa wa kampuni ya Genovo iliyofadhili sehemu ya utafiti wa taasisi hiyo. Chuo chenyewe kilikuwa na hisa humo.

Jambo linalosahaulika kila kisa hiki kinaposimuliwa ni kwamba hisa hizo hazikuwa siri. Kamati ya chuo ilikuwa imeshaujadili uhusiano huo miaka kadhaa kabla, na fomu ya ridhaa aliyosaini kijana ilitaja kwamba chuo na mtafiti wana maslahi ya kifedha katika mafanikio ya tiba. Tamko lilikuwepo. Uchunguzi wa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ulibaini mambo ambayo tamko halikuyazuia: kiwango cha amonia cha Gelsinger kilikuwa juu ya kile kilichoruhusiwa na itifaki alipokaribia kupewa dozi, madhara ya ini kwa washiriki waliomtangulia hayakuripotiwa jinsi ilivyotakiwa, na vifo vya nyani waliopewa virusi vya aina hiyo havikutajwa katika fomu ya ridhaa. Mwaka 2005 chuo kilikubali kuilipa serikali zaidi ya dola 500,000 kumaliza madai hayo, bila kukiri kosa.

Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba hisa ndizo zilizosukuma uamuzi wowote katika kisa hicho. Wala haihitajiki kuthibitisha. Swali la nia ya mtu ni gumu kujibika, iwe mahakamani au kwenye kamati, na ndiyo maana usimamizi wa mgongano hauulizi nia. Unauliza nani ameketi kwenye kiti cha uamuzi. Kuamua kama mshiriki anafaa, kama dozi ipandishwe, kama tukio liripotiwe: maamuzi hayo yalipaswa kuwa mikononi mwa watu ambao kampuni ikifaulu au ikianguka, mifuko yao inabaki vile vile.

Wapo wanaojibu kwamba wao hawanunuliki, hasa kwa vitu vidogo. Jibu hilo nalo limechunguzwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu madaktari walio mafunzoni nchini Marekani, asilimia 61 walisema matangazo ya kampuni za dawa hayaathiri wanavyoandika dawa wao wenyewe. Ni asilimia 16 tu waliosema hivyo hivyo kuhusu madaktari wengine. Hesabu hizo mbili haziwezi kuwa sahihi kwa pamoja. Mwaka 2016 utafiti mwingine uliowahusu madaktari wengi zaidi uliona kwamba hata mlo mmoja uliolipiwa na kampuni, kwa kawaida wa bei isiyofika dola 20, uliambatana na kuandikwa zaidi kwa dawa ya kampuni hiyo. Uhusiano huo peke yake hauthibitishi kisababishi, lakini unatosha kuiondolea kauli ya “mimi sinunuliki” hadhi ya kuwa hoja.

Sheria nazo hazikuishia kwenye tamko. Kanuni za Marekani kwa utafiti unaofadhiliwa na idara ya afya ya umma, ikiwamo Taasisi za Taifa za Afya (NIH), zilianza mwaka 1995 na kukazwa mwaka 2011. Zinaifunga pia taasisi ya Ifakara, Kisumu au Kampala inayopokea sehemu ya ruzuku kupitia chuo cha Marekani, na mkataba kati yao lazima useme sera ya nani itafuatwa. Mtafiti hutangaza maslahi yake, ya mwenzi wake na ya watoto wanaomtegemea yanayozidi dola 5,000 kutoka kampuni moja. Hisa katika kampuni isiyouzwa sokoni hutangazwa hata zikiwa za senti chache. Maslahi mapya hutangazwa ndani ya siku 30. Malipo kutoka vyuo vya nje ya Marekani hayana msamaha ambao malipo ya vyuo vya huko yanao, jambo linalowashangaza wengi wenye ajira mbili. Na neno mtafiti halimhusu mtafiti mkuu pekee: mtakwimu au mratibu wa nyanjani anayeshiriki kubuni, kuendesha au kuripoti utafiti yumo. Baada ya hapo taasisi, wala si mtafiti, ndiyo inayoamua kama kuna mgongano, nayo iandike mpango wa kuusimamia kabla ya senti ya kwanza kutumika.

Kanuni hizo zina pengo kwa mazingira ya hapa. Undugu wa Afrika Mashariki hauishii kwa mwenzi na watoto. Mkuu wa maabara ambaye shemeji yake ndiye anayeuza vitendanishi hatakiwi na kanuni ya Marekani kusema lolote kuhusu shemeji huyo. Akisema mwenyewe, mkurugenzi atashukuru, fomu itapigwa mhuri, na Jumatatu inayofuata LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa, ya vitendanishi itarudi kwenye meza ile ile ikisubiri saini ile ile. Taasisi inaruhusiwa kuweka sera kali kuliko ya mfadhili, na inapaswa kuwataja ndugu, wakwe na wabia wa biashara kwa majina hayo. Kenya, iliyopata Sheria ya Mgongano wa Maslahi mwaka 2025 kwa watumishi wa umma, imeshawapa wakurugenzi wa taasisi zake za umma sababu ya kutosubiri mfadhili aulize.

Njia za kusimamia zinajulikana na nyingi hazina gharama kubwa. Mwenye maslahi aondolewe kwenye kuandikisha washiriki na kuchukua ridhaa. Kazi hiyo ifanywe na mwenzake asiye na hisa. Uchambuzi wa takwimu ufanywe na mtu asiyejua kundi lipi lilipata dawa, na mpango wa uchambuzi usajiliwe kabla data hazijafunguliwa. Bodi huru ya usalama wa data ipewe nguvu ya kusimamisha jaribio. Manunuzi yanayomgusa ndugu yapitiwe na kusainiwa na ofisa mwingine kabisa. Hisa ziuzwe, au utafiti uende kwa mtu mwingine, pale ambapo binadamu wanajaribiwa kitu ambacho mtafiti anamiliki. Mjumbe wa kamati mwenye maslahi atoke chumbani wakati wa mjadala, asikae kimya kitini pake huku wenzake wakimtazama usoni. Taasisi yenye hisa yenyewe ipeleke itifaki kwa kamati ya taasisi nyingine. Katika nchi ambamo wataalamu wa fani moja wanahesabika kwa vidole, kuazima wajumbe kutoka chuo kingine au nchi jirani ni utaratibu wa kawaida.

Kila mpango uwe na jina la msimamizi asiye chini ya mtafiti husika, tarehe za ukaguzi, na kielelezo kinachoweza kuonyeshwa: orodha ya waliochukua ridhaa, saini za LPO, mihutasari ya vikao. Mfadhili anayekuja kukagua huomba karatasi hizo. Tamko likicheleweshwa au mpango ukikiukwa, kanuni za Marekani zinaipa taasisi siku 120 za kurudi nyuma na kuupitia utafiti wote uliofanyika katika kipindi hicho, kuona kama kubuni, kuendesha au kuripoti kulielemea upande mmoja. Ikionekana hivyo, mfadhili anaarifiwa mara moja na kupelekewa mpango wa kurekebisha madhara.