Maji ya Glukosi ni Dawa, si Heshima ya Mgonjwa

Mtu anayetoka Bonde la Ziwa Rukwa akiwa na mgonjwa mahututi hana budi kupanda mpaka uwanda wa juu wa Ufipa ndipo aifikie hospitali mjini Sumbawanga. Anayetoka Kirando au Kasanga, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, naye hupanda kutoka upande wa pili. Baada ya safari kama hiyo, jamaa wa mgonjwa hutazamia kuona chupa imetundikwa juu ya kitanda na matone yakidondoka. Wasipoiona, huanza kunung'unika kwamba mgonjwa wao amepuuzwa.

Msomaji wa Unguja au Pemba asidhani kwamba habari hii ni ya bara peke yake. Mzazi anayevuka maji kutoka Tumbatu kwenda Mkokotoni, au kutoka Kojani kumpeleka mwanawe Wete, hubeba tumaini lile lile. Kote nchini dripu imekuwa alama ya kuhudumiwa. Twayaelewa manung'uniko ya wazazi hao, ila hatuwezi kuyaunga mkono, kwani maji ya glukosi ni dawa, na kila dawa ina sababu yake, kipimo chake na hatari yake.

Kwanza yafaa ieleweke kilichomo ndani ya chupa. Nusu lita ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, yaani kiasi cha vijiko vitano au sita vya chai. Nguvu iliyomo humo haifikii ile ya sahani moja ya ugali. Itakuwa ajabu basi ikiwa wakazi wa Rukwa, mmoja wa mikoa minne iliyosifika kwa kulilisha taifa mahindi, wataamini kwamba chupa hiyo ni chakula. Mgonjwa awezaye kumeza uji hufaidika zaidi kwa uji.

Pili, mwili huitumia sukari hiyo upesi, na kinachobaki ni maji matupu yasiyo na chumvi. Maji hayo yakizidi, chumvi ya damu hupungua na ubongo huweza kuvimba. Mtoto huanza kuumwa kichwa na kutapika, kisha hupatwa na degedege, na mwishowe huzimia. Jamaa husema ugonjwa umepanda kichwani, kumbe huenda ni maji yaliyozidi. Hata nchi tajiri hazikusalimika. Mwaka 2007 hospitali za Uingereza ziliagizwa kuondoa katika wodi za kawaida za watoto aina moja ya maji yenye glukosi na chumvi kidogo mno. Januari 2018 ilitolewa ripoti ya uchunguzi mrefu juu ya vifo vya watoto huko Ireland ya Kaskazini vilivyohusishwa na upungufu huo wa chumvi.

Hata maji yenye chumvi ya kutosha yana hatari yake yakiingizwa kwa pupa. Ushahidi mkubwa wa jambo hilo ulipatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2011 ulihusu watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu, katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwamo ile ya Teule huko Muheza. Watoto wenye ugonjwa wa kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa. Waliopewa maji mengi kwa haraka, yawe ya chumvi au ya albumini, walikufa kwa kiasi cha asilimia 10 na nusu katika saa 48 za kwanza. Wale ambao hawakupewa maji hayo ya haraka walikufa kwa asilimia 7.3. Matokeo hayo yaliwashangaza hata waganga wenyewe.

Je, glukosi haina kazi? Inayo, tena kubwa. Mtoto mwenye malaria kali huweza kuishiwa sukari katika damu, na asipoipata upesi hufa au hubaki na kilema cha ubongo. Lakini kipimo chake ni kidogo. Kwa kawaida mtoto wa kilo 10 huhitaji mililita 50 tu za glukosi ya asilimia 10, yaani sehemu moja ya kumi ya chupa ya nusu lita. Kisha sukari yake hupimwa tena. Ile glukosi nzito ya asilimia 50 huunguza mshipa, na haifai kupewa mtoto kabla ya kuzimuliwa. Na katika zahanati ya mbali isiyo na dripu, kijiko kimoja cha sukari iliyoloweshwa, kikiwekwa chini ya ulimi, huweza kuokoa maisha wakati usafiri unatafutwa.

Mgonjwa wa kipindupindu ni habari nyingine. Yeye amepoteza maji na chumvi pamoja, na glukosi tupu haimrudishii alichopoteza. Aliyezidiwa huhitaji maji ya Ringer mshipani, tena kwa haraka. Awezaye kunywa hupewa maji ya chumvi na sukari. Humo sukari hufanya kazi ya ajabu, kwani hushirikiana na chumvi kupenya utumbo, na maji hufuata. Katika kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh mwaka 1971, maji hayo ya kunywa yalipunguza vifo kwa kiasi kikubwa, pale ambapo chupa za mshipani zilikuwa hazitoshi. Zanzibar, iliyokumbwa na kipindupindu mwaka 1978, na vijiji vya kandokando ya Ziwa Rukwa, vyote vina sababu ya kuithamini pakiti hiyo ndogo.

Kwa viongozi tunayo machache ya kusema. Muuguzi aliye peke yake usiku na wodi iliyojaa hawezi kuhesabu matone ya kila chupa. Mganga asiye na vibanzi vya kupimia sukari hutibu kwa kubahatisha. Basi katika kupanga bajeti za afya, vibanzi hivyo, pakiti za chumvi na sukari, vyombo vya kupimia maji ya watoto na karatasi za kuandikia maji yanayoingia na yanayotoka visihesabiwe kuwa vitu vidogo. Chupa zinazopelekwa bila vitu hivyo, na bila watu wa kuziangalia, ni msaada nusu.

Na kwa jamaa wa mgonjwa: mwulizeni mganga kwa adabu ni maji gani, ni ya nini, na yataisha saa ngapi. Akisema hayahitajiki, msimlazimishe, wala yeye asikubali ili kuwaridhisha tu. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Yakishaingia mshipani, kuyatoa ni kazi ngumu zaidi.