Albamu ya jalada jeupe: tujifunze kwa Diamond Head

Wengi wetu tukisikia hevi metali tunasema: ile ni makelele tu. Hata mimi nilisema hivyo. Lakini kuna albamu moja ya 1980 ambayo kila mwenye kutafuta kazi angefaa kujua habari yake.

Kundi linaitwa Diamond Head, vijana wanne wa Stourbridge, Uingereza. Brian Tatler (gitaa) na Duncan Scott (ngoma) walilianzisha 1976, wakingali wanafunzi. Sean Harris akaimba, Colin Kimberley akapiga besi. Kampuni za muziki hazikuwachukua. Basi wakarekodi wenyewe, wakatoa sahani 1.000. Jalada lilikuwa jeupe tupu: hakuna picha, hakuna orodha ya nyimbo, ni sahihi tu ya mmoja wao kwa kalamu. Leo watu wanaiita Lightning to the Nations, jina la wimbo wake wa kwanza.

Ndani mna nyimbo 7. Sisi wa rumba tunajua sebene: gitaa inashika kipande kimoja, inakirudia mpaka miguu inasimama yenyewe. Tatler naye anarudia, lakini kipande kikikolea tu, anakitupa na kuleta kingine. Sikiliza « Am I Evil? »: dakika zaidi ya 7, mwendo unabadilika mara kwa mara na hauchoki.

Mu 1981, kijana wa Denmark aliyekuwa anaishi California, Lars Ulrich, akasafiri mpaka Uingereza kuwaona. Tatler akamlaza kwao. Mwaka ule ule Ulrich na James Hetfield wakaanzisha Metallica. Kwa miaka iliyofuata, Metallica ilirekodi nyimbo 4 kati ya zile 7!

Metallica ikajaza viwanja vya mpira. Diamond Head ikavunjika 1985. Mtu atasema: waliibiwa. Hapana! Nyimbo zilikuwa zimeandikwa kwa majina ya Harris na Tatler. Njo maana Metallica ikiuza, makuta ya watunzi inawafikia. Jalada halikuwa na kitu, lakini jina la mtunzi lilikuwa mahali pake.

Kwa nini nawaambia hii? Nilipomaliza licence ya agronomie, nilimpa mtu fulani hesabu zangu zote za shamba la majaribio, misimu miwili ya jasho. Nikazikuta mu ripoti yake, jina langu halimo. Sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha.

Basi tusingoje kampuni ituite ndipo tufanye kazi. Ila kabla ya kuitoa mikononi, tuandike jina na tarehe, tubaki na nakala. Mbegu ikienda kuota kwa jirani, si mbaya. Mbaya ni kukosa wa kushuhudia kwamba ilitoka kwako.

Na wewe, kazi yako iko na jina la nani?