Fahamu: Kwa nini mbegu bora ya alizeti huanza na wazazi
Ziwa, kaunti ya Uasin Gishu, ni nchi ya mahindi. Sasa serikali inahimiza alizeti pia, maana Kenya huagiza nje sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia.

Mtafiti wa mbegu bora hutafuta nini?
Tofauti zinazorithiwa. Mmea mmoja hukomaa mapema. Mwingine una kichwa kipana lakini katikati mbegu ni pepe. Tofauti iliyoletwa na mbolea hairithiwi.

Wazazi huchaguliwaje?
Hupimwa mafuta, uzito wa mbegu na ustahimilivu wa magonjwa. Wazazi wa koo za mbali wanaokamilishana aghalabu huzaa chotara bora.

Mkulima je?
Anunue chotara kila msimu. Akipanda mbegu alizovuna, sifa hutawanyika na mavuno hushuka.