Maharage ya Jumapili



Mwaka wangu wa kwanza hapa Uingereza nilikuwa nakula chipsi na soda kila mchana. Hela zinaisha kabla ya mwezi kuisha, na saa nane niko maabara nasinzia. Nikasema basi, narudi kwenye maharage.

Nikatia maharage mekundu makavu kwenye sufuria ya umeme, ile ya kupika polepole, nikaenda zangu chuoni. Jioni nikala. Usiku kucha nilitapika, na asubuhi yake nilitakiwa kuwasilisha utafiti wangu!

Uhandisi ndiyo kazi yangu, nikatafuta chanzo. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili iitwayo lektini. Inaharibika maji yakichemka kwelikweli. Joto dogo la sufuria ile halitoshi. Nyumbani mama aliyachemsha juu ya mkaa mpaka yanatokota, ndiyo maana hatukudhurika.

Fanya hivi. Jumamosi usiku yaloweke. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mengine, chemsha kwa nguvu dakika 10 au zaidi, kisha punguza moto mpaka yaive. Kaanga kitunguu, nyanya na karoti, changanya. Gawa kwenye vyombo vifupi ili yapoe upesi. Ya siku mbili weka kwenye friji, yaliyobaki yagandishe. Beba na chapati na chungwa.

Huna muda? Ya kopo yameshapikwa tayari, nunua bila wasiwasi.

Haya, mlo mwema na mitihani mema!